Gharama Zikipanda, Serikali Inakusaidia Nini Hasa?

REHEMA: Karibuni tena. Leo ni misaada ya serikali kwa wafanyabiashara wadogo, wakati umeme, kodi ya pango na mishahara vinapanda kwa mpigo. Kaka Musa, mtu akisikia tangazo la msaada, aanzie wapi?

MUSA: Aanzie kwenye bili zake, dada, kabla hajaigusa fomu. Na ajue anaahidiwa nini. Wanaposema "msaada", inaweza kuwa ruzuku, ambayo hairudishwi ukifuata masharti. Inaweza kuwa mkopo wa riba nafuu. Inaweza kuwa kuahirishiwa kodi unayolipa serikalini. Au dhamana ya mkopo wa benki, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: ukishindwa kulipa, serikali inaibebea benki sehemu ya hasara, lakini deni lako linabaki lote mabegani mwako.

REHEMA: Kumbe anayekingwa ni benki.

MUSA: Benki, ndiyo. Faida yako ni kwamba unakopesheka hata dhamana ya mali ikiwa haitoshi. Hilo si dogo, ila si msamaha. Kuahirishiwa kodi nako ni hivyohivyo. Ukiahirishiwa miezi mitatu, mwezi wa nne unadaiwa ya nyuma na ya sasa. Ile fedha itenge kila mwezi kwenye akaunti nyingine, usiichanganye na ya mauzo.

REHEMA: Tuingie kwenye bili sasa. Fomu nyingi zinauliza gharama imepanda kiasi gani. Mtu anachukua jumla ya mwaka huu, anatoa ya mwaka jana, anaandika.

MUSA: Halafu mkaguzi anaikata nusu. Chukua mfano. Mwezi kama huu mwaka jana ulitumia uniti 800 kwa bei ya 20, ikawa 16,000. Mwaka huu uniti 1,000 kwa bei ya 26, ni 26,000. Tofauti ni 10,000. Lakini uniti 200 zilizoongezeka, kwa bei ya zamani, ni 4,000. Hizo ni zako, umetumia zaidi. Bei ndiyo imekuongezea 6,000. Mpango unaofidia kupanda kwa bei utaitazama hiyo 6,000.

REHEMA: Na linganisha mwezi na mwezi wake. Ukiweka msimu wa kazi nyingi kando ya msimu mkavu, hesabu inapotoka.

MUSA: Kabisa. Angalia pia kama bili ni ya usomaji halisi au ya makadirio. Ya makadirio inaweza kukudhulumu miezi miwili kisha ikajirekebisha wa tatu. Piga picha ya mita kila mwisho wa mwezi, tarakimu zote zionekane, na tarehe ibaki.

REHEMA: Kuna mpango usiohitaji fomu?

MUSA: Upo. Uingereza, kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2023, punguzo la umeme na gesi kwa biashara lilikatwa moja kwa moja na kampuni zinazouza nishati. Waliopanga ndani ya jengo la mtu, mita ikiwa kwa jina la mwenye jengo, hawakuwa na bili yao. Ikabidi kanuni zimlazimishe mwenye jengo awapitishie unafuu ule. Kwa hiyo mpangaji, muulize mwenye jengo kwa maandishi: bili kuu imepungua kiasi gani, na fungu langu limekokotolewaje?

REHEMA: Na tarehe ya mwisho wa mpango iandikwe ukutani. Aprili 2023 ulifuata mpango mwingine wenye punguzo dogo zaidi. Aliyekuwa amepanga bei zake kwa kutegemea lile la kwanza alibanwa.

MUSA: Sasa ruzuku za vifaa, kwa mfano jokofu au mota isiyokula umeme mwingi. Nyingi ni za kurudishiwa: unalipa kwanza, unapeleka risiti, unangoja. Mpango ukirudisha nusu, bado unahitaji fedha yote mkononi siku ya kununua.

REHEMA: Na kosa lililozoeleka ni kununua kabla ya barua ya kukubaliwa.

MUSA: Hilo linaumiza, kwa sababu mtu ana nia njema kabisa. Utaratibu ni huu: profoma, yaani ankara ya bei unayopewa kabla ya kununua, kisha maombi, barua, ndipo malipo. Ulipe kwa benki au simu, siyo taslimu, na jina la risiti, leseni na akaunti liwe lilelile. Herufi moja ikipishana, faili linarudi.

REHEMA: Masharti ya matumizi je?

MUSA: Yasome kabla fedha haijaingia. Marekani mwaka 2020, mikopo ya kulinda mishahara ilisamehewa yote pale tu angalau asilimia 60 ilipotumika kwa mishahara, baada ya sheria kushusha kiwango kutoka 75. Isiyosamehewa ilibaki deni lenye riba ya asilimia 1.

REHEMA: Swali la mwisho. Pengo likiwa la kila mwezi, mkopo wa serikali achukue?

MUSA: Ningemwambia asichukue bado. Mkopo unavusha kipindi kibaya, au unanunua kifaa kinachopunguza bili. Kama kila mwezi mauzo hayafikii gharama, marejesho yanakuwa gharama nyingine juu ya zile. Arekebishe bei au apunguze saa za kuwasha mashine kwanza, apige hesabu ya miezi mitatu, ndipo arudi kwenye fomu.