Anaposema "Nifute", Anataka Nini?

Mhadhara kwa maafisa wa rekodi za afya, Mombasa

Hamjambo wenzangu. Naona wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, nami nimewekwa kabla ya chai, kwa hiyo sitawashika sana.

Nianze na dirisha letu. Mgonjwa anainama kwenye kile kitundu cha kioo, anasema: "Mwanangu, naomba kuona faili yangu." Na sisi tunajibu nini? (Kicheko.) Naam. "Faili ni mali ya hospitali." Nimelitoa jibu hilo miaka mingi, tena kwa sauti ya mtu anayejua kazi. Wala si uongo: makaratasi, kabati na ile rafu iliyopinda katikati ni vya hospitali. Lakini yaliyoandikwa mle ni habari zake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imempa haki ya kuzipata. Hatuombi hisani huyu.

Kanuni za mwaka 2021 zimetuwekea siku 7 za kumjibu, na bila malipo. Narudia bila malipo, maana vile vijirisiti vya "ada ya kutafuta faili" tunavijua. Na siku hizo zinahesabiwa tangu ombi lilipotufikia, hazingoji mkubwa arudi likizo. Ombi likifika tu, ligonge muhuri wa tarehe, hata kama hujui bado utalipeleka kwa nani.

Haraka hiyo isikufanye umpe asiyehusika. Hakikisha ni yeye. Mume huja hapa akasema, "Mimi ndiye ninayelipa bili." Bwana, shukrani kwa kulipa, lakini lete idhini ya mkeo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi anaweza kumwombea. Kisha pitia karatasi moja moja kabla ya kutoa nakala. Faili ya mama ina mstari kuhusu hali ya VVU ya mumewe, na mstari ule ni siri ya mtu mwingine.

Hayo ya kuona faili ni mepesi. Linalotutoa jasho ni neno "nifute".

Kuna hospitali niliyofanyia kazi zamani, sitaitaja. Mama mmoja alikuja dirishani, kajitanda leso mpaka puani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Nataka mnifute kwenye kompyuta yenu, jina na kila kitu." Nikamsomea. Nikamwambia rekodi ya matibabu haifutwi, hospitali ina wajibu wa kuitunza, daktari wa kesho ataihitaji. Yote kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaondoka zake. Nikajiona nimeitetea sheria.

Wiki ya pili alirudi, safari hii na dadake mkubwa, na ni yule dada aliyesema. Majibu ya vipimo vyake yalitajwa kwenye shughuli ya harusi mtaani, wanawake wamekaa mkekani wanachambua mchele, kabla hata yeye mwenyewe hajarudi kuyachukua. Binamu yao alikuwa akifanya kazi mapokezi kwetu.

Basi mimi nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuuliza. Mama yule hakuwa na ugomvi na rekodi yake. Alitaka binamu asiione. Hilo lina dawa: funga ruhusa, ili faili ile ifunguliwe na wanaomtibu peke yao, na utoe orodha ya nani aliifungua na saa ngapi. Sisi tulipoitoa, jina la mapokezi lilionekana mara 4, na siku 2 kati ya hizo mgonjwa hakuwa amefika hospitalini kabisa. Leo jambo kama lile, kama lina hatari ya kweli ya kumdhuru mtu, ni la kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kulijua. Wakati ule tulilimaliza kwa kikao cha ndani na chai.

Wapo wanaosema "futa" na maana yao ni "rekebisheni". Hapa pwani majina yetu yanafanana mno. Kundi la damu la mmoja likaingia faili ya mwingine, ni hatari. Rekebisha ndani ya siku 14. Ila tafadhali, ule wino mweupe wa kufutia uacheni ofisini kwa wahasibu, na hata wao sina hakika. Piga mstari mmoja, maneno ya zamani yasomeke, andika lililo sahihi, weka tarehe na sahihi yako. Daktari aliyetibu kwa kundi la damu lisilo sahihi lazima iweze kuonekana aliona nini siku ile.

Na wapo wanaotaka kufutwa kwelikweli, na wana haki. Picha ya mgonjwa iliyopigwa bila ridhaa yake ikatiwa kwenye tangazo la hospitali. Namba ya simu iliyoingizwa kwenye orodha ya kutuma matangazo. Nakala iliyobaki kwenye kundi la WhatsApp la wodi, na msiangalie chini, simu zenu ninazijua. Hizo zifute, siku 14 zisipite. Kama kuna kesi na data ni ushahidi, usifute wala usirekebishe: zuia matumizi yake na umweleze mwenyewe.

Ukikataa, kataa kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, sababu ikiwemo, na umwambie anaweza kulalamika kwa Kamishna. Wenzetu wengi wanaogopa kuandika sentensi hiyo ya mwisho, kana kwamba wanajishtaki. Mimi naona wanaoipokea mara nyingi hawaendi popote. Anayekwenda ni yule tuliyemwambia "njoo kesho" mara tano.

Yule mama bado ni mgonjwa wa hospitali ile. Kadi yake ninaijua namba, na sitaitaja pia.

Dada wa pale nyuma, mkono umeuinua tangu nilipotaja WhatsApp. Mpeni kipaza sauti.