Harley 883 sio boda kubwa, tuongee kona

Haya tukae jamani, walioko mlangoni ingieni, viti vipo mbele, watu wa Mbeya mnapenda kukaa nyuma sijui mnamkimbia nani. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kuja na mvua hii.

Walionisikia siku nyingine wanajua ntasema nini na ntasema hivyohivyo. Harley Sportster, hasa hii Iron 883, yaani ya cc 883, mnayonitumiaga picha, sio boda iliyonenepa. Mambo ya kampuni ya Harley kuanza Milwaukee, Marekani, 1903 mnayajua, Sportster yenyewe imeanza 1957, tuyaache hayo, mi nataka tuongee inavyoendesheka basi.

Shida inaanzaga pale mtu anapoikalia mara ya kwanza. Kaambiwa hii ndo ya wanaoanza, siti iko chini, miguu yote miwili inakanyaga vizuri, tayari kashajiona dereva. Bwana we, ile kitu ina kilo kama 256 ikiwa na mafuta, huo ni uzito wa Boxer mbili! Kwenye ukoo wake ilikuwa ya bei ya chini, ila kwenye uzito hamna aliyekuonea huruma. Na kwa sababu uzito umekaa chini ikishaanza kutembea huusikii kabisa, hapo ndo inapowapata.

Nguvu zake nazo zinachanganya watu. Ina Nm kama 70, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha, na zinakuja mapema, hata mizunguko 4000 kwa dakika hujafika, wakati boda ya cc 150 ina kama 12 na mpaka uipigie kelele. Kwa hiyo unapanda Mlima Nyoka na gia ya 4, unafungua mafuta kidogo tu inapanda yenyewe, japo huku kwetu juu hewa ni nyepesi na kila injini inapoteza kidogo. Wanaovuta resi mpaka mwisho wanajisumbua, kule juu hamna kitu. Na ule mlio mnaoupenda, silinda mbili zimepishana nyuzi 45 zimeshika pini moja ya kranki, ule mhimili wa injini unaozunguka, ikilipuka ya kwanza kranki inazunguka nyuzi 315 ndo inalipuka ya pili, halafu 405 mpaka irudi ya kwanza, ndo maana ikiwa sailensa, yaani inaunguruma imesimama, inachechemea vile na vioo vinatetemeka humwoni hata aliye nyuma yako. Toka 2004 injini wameikalisha kwenye mpira so ukishatembea inatulia.

Sasa kona. Hapa naomba simu ziwekwe chini.

Kuna kijana mmoja, simtaji, yupo mjini hapahapa, kaazima 883 ya mtu kapanda nayo mpaka Kawetire kule njia ya Chunya. Kupanda hamna shida, alikuwa anaimba. Kurudi akaja kona ya kushoto, ile ya kuteremka, na spidi aliyozoea kuingia nayo na boda, akalaza, akasikia krrrrr chini ya mguu wa kushoto. Futiresti, pale unapokanyagia mguu, imegusa lami. Yeye hajui ni nini, kadhani pikipiki imekatika, kashtuka kainyanyua katikati ya kona. Sasa ukiinyanyua kwenye kona ya kushoto nchi hii unaenda wapi? Unaenda kulia, upande wa wenzio, na Fuso ya mbao ndo ilikuwa inapanda. Mungu saidia yule dereva wa Fuso alikuwa mzee, kaiona mapema kabana kando mpaka tairi ikashuka lami, kijana kapita katikati pale na hajui kapitaje. Alivyonisimulia alikuwa bado anailaumu pikipiki. Pikipiki imekosa nini? Ile inalala nyuzi kama 27, 28 hivi, imefika mwisho wake ikamwambia.

Futiresti inakunjika kwenda juu ukigusa, haikuangushi, ni kengele ile. Ukiisikia usishtuke, usiinyanyue, usikamate breki ya mbele, shikilia mafuta palepale, sogeza mwili wako ndani ya kona, kifua kiende upande wa kona, hapo unapunguza kulala kwa pikipiki yenyewe na unamaliza kona yako. Ukiendelea kulaza baada ya kengele ndo unakutana na vyuma visivyokunjika, na upande wa kulia kuna eksozi. Ila mimi sitaki hata ufike huko. Spidi ya kona kwenye hii mashine unaiamua kona ikiwa bado iko mbele, unapunguza umesimama wima, unaingia taratibu, unafungua mafuta ukiona mwisho wa kona, na nguvu za chini zile zinakutoa vizuri mpaka raha.

Najua kuna mtu hapa anataka kuniambia mzee si tubadilishe shokapu tuinyanyue nyuma. Badilisha, itasaidia kweli, halafu ile siti ya chini uliyoipendea inaondoka na wewe mfupi unarudi kuning'inia vidole. Mwingine ataniambia Wamarekani mbona wanaendesha hivyohivyo. Wao wana barabara ndefu zimenyooka, na ikinyooka hii pikipiki ni tamu, imetulia, chuma kirefu cha mita 1 na nusu kati ya tairi na tairi hakiyumbishwi na upepo wa Makambako. Wewe una Kitonga, mlima na kona zake.

Na una rasta, yale matuta madogo yaliyopangana barabarani. Shokapu za nyuma zinabonyea milimita 41 tu, kwa hiyo zile rasta za kuingia kila kijiji mgongo unazihesabu moja moja, na matuta makali msiyarukie, chini ina nafasi ya sentimita kama 14 tu mpaka lami.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka basi. Breki: disiki ya mbele ni moja, pikipiki ndefu na ya chini haiegemei sana mbele, so breki ya nyuma inafanya kazi kweli, acheni kuidharau, na kushuka Kitonga kaa gia ndogo injini ikushike. Joto: inapozwa na upepo, ukikwama nyuma ya malori ya Tunduma paja la kulia linaungua, mwezi wa 7 na baridi yake utaishukuru. Tanki lita 12 na nusu, jaza Makambako usisubiri. Mambo ya cheni hamna, ni mkanda, nilitaka kuueleza lakini basi.

Bei za spea msiniulize mimi. Aliyekuja na pikipiki, yoyote, hata Boxer, aje nje hapo uwanjani mvua ikikata, kona ya kushoto, spidi 30, mmoja mmoja. Asiye na helmeti aangalie tu.