Hofu Inahesabiwa London, Hasara Inalala Lanet

Hamjambo nyote. Mwenyekiti wa chama aliponialika alisema nizungumzie hisa za utalii, kisha akaongeza, "Lakini usituletee hesabu." Basi nianze na gari.

Mei 2014 nilimkuta dereva wa gari la watalii, lile la paa linalofunguka, ameegesha nje ya lango la Lanet la Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Anapangusa kioo ambacho kilikuwa safi tayari. Nikamuuliza wageni wako wapi. "Wangetoka Mombasa waje kuona vifaru. Wamepandishwa ndege, wamerudi kwao."

Nani aliwarudisha? Kwa hofu ya ugaidi, serikali ya Uingereza ilikuwa imewaonya raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa bila sababu ya lazima, pamoja na ukanda wa kilomita tano kutoka baharini, kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikutajwa. Uwanja wa ndege haukutajwa. Lakini ili mgeni atoke Diani afike uwanjani alipaswa kuvuka feri ya Likoni na kupita kisiwani, na bima nyingi za safari hazimlindi mtu aliyekwenda mahali serikali yake imemkataza. Kampuni ya utalii itathubutu vipi? Ikawaondoa mamia ya watu. Sisi huku Nakuru hatukuwa hata kwenye ramani ya onyo lile, lakini gari likabaki Lanet.

Ndiyo maana nasema hatari ya siasa za dunia haipimwi pale inapotokea. Wachumi wawili wa Benki Kuu ya Marekani, Caldara na Iacoviello, wametengeneza kipimo cha hatari hiyo kinachotumiwa sana na wawekezaji. Wanahesabu makala za magazeti zinazozungumzia vita, ugaidi na vitisho. Magazeti kumi: sita ya Marekani, matatu ya Uingereza, moja la Kanada. La kwetu halimo. Siwalaumu, walitaka kumbukumbu za miaka mingi. Ila mjue ni macho ya nani yanayotazama.

Na macho hayo hayatazami wote sawasawa. Mwaka 2015 watalii 38 waliuawa ufuoni Sousse, Tunisia, 30 kati yao Waingereza. Uingereza ikawaonya raia wake wasiende Tunisia, na onyo hilo likakaa hadi 2017. Novemba mwaka huohuo watu 130 waliuawa Paris. Waingereza hawakuambiwa wasiende Paris.

Sasa hisa. Soko kubwa likishtuka, bei inaanguka siku hiyohiyo na anayetaka kutoka anatoka. Kwetu Nairobi, kampuni za hoteli na usafiri wa watalii zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa ni chache mno, na hisa zake zinaweza kukaa siku nzima bila kubadilisha mikono. Kwa hiyo usidanganywe na bei iliyotulia. Huenda imetulia kwa sababu hakuna mnunuzi. Maumivu utayaona baadaye, kwenye gawio, yaani mgao wako wa faida, lisilokuja.

Tena si kila vita inaumiza kwa njia moja. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, hakuna aliyeogopa kuja Nakuru. Mafuta ndiyo yaliyopanda, na tiketi za ndege nazo. Shilingi ikidhoofika, hoteli inayolipwa kwa dola hupata nafuu kidogo, isipokuwa kama na mkopo wake ni wa dola. Hapo inakatwa na makali yote mawili.

Mama mmoja hapo mbele ameuliza, "Mwalimu, ninunue au nisinunue?" Mama, mimi si dalali. Lakini kabla hujatoa hela ya chama, chukua taarifa ya mwaka ya kampuni, utafute sehemu inayoeleza wageni wake. Uliza wangapi wanakuja kwa ndege na wangapi wanakuja kwa barabara ya Naivasha na watoto nyuma ya gari. Hawa wa barabara wanalipa kidogo, wanabeba soda zao, wanapiga kelele kwenye bwawa la kuogelea. Lakini lile onyo la 2014 halikuwahusu.