Sinema na Sato: Filamu ya mapanki, kibanda umiza na stelingi asiyeonekana

KULWA: Mwangaluka wapenzi wasikilizaji, mwadila kwa mnaotusikiliza jioni. Mimi Kulwa, na upande wangu wa kulia, kama kawaida, dada Nyamizi.

NYAMIZI: Mwadila. Kabla hujaenda mbali, wasikilizaji wajue hayo makelele ni mvua. Tupo chumba cha nyuma hapa Pasiansi, Mwanza, na bati la kaka yako halina dari.

KULWA: Kaka ametupa chumba bure, dada, usimseme bati. Haya, leo hatuna mgeni wala mada kubwa. Tunaongea tu tulichotazama wiki hizi mbili. Anza wewe.

NYAMIZI: Mimi nimeanza na Vuta N'kuvute. Nimechelewa, najua, filamu ni ya mwaka 2021. Amil Shivji ameitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya hamsini, Denge na Yasmin, mkoloni bado yupo. Ndiyo hiyo Tanzania iliipeleka Oscar mwaka 2022, baada ya kukaa zaidi ya miaka ishirini bila kupeleka kitu.

KULWA: Umeionaje?

NYAMIZI: Nzuri kwa macho. Ile mitaa ya Mji Mkongwe usiku, kuta zenye unyevu, mwanga wa taa unaopita kwenye matundu ya dirisha, unatamani usimamishe ukae unatazama tu. Lakini mwendo wake wa polepole. Wapendanao wanatazamana, wanatazamana, mimi huku bando linakwisha. Nimeimaliza kwa siku mbili.

KULWA: Kosa la filamu au kosa la bando?

NYAMIZI: La bando. Filamu naipa saba na nusu. Endelea wewe, nakuona unawashwa.

KULWA: Mimi nimeenda kibanda umiza, kile cha mtaani cha kulipia kuona video.

NYAMIZI: Kulwa! Na umri huo?

KULWA: Subiri. Nilikuwa Igombe kwa mjomba. Ilikuwa mbalamwezi kali, na unajua wavuvi wa dagaa mwezi ukiwaka hawaendi ziwani. Dagaa wanafuata taa, sasa ziwa zima likiwa jeupe nani ataifuata taa yako? Kwa hiyo usiku huo vijana wote wapo nchi kavu, hawana kazi, na kibanda kimejaa mpaka wengine wamekalia ndoo. Kiingilio mia tano. Nikadhani tutatazama ngumi. Kumbe ni Queen of Katwe, imetafsiriwa.

NYAMIZI: Ile ya yule binti wa Kampala wa sataranji? Ya Mira Nair?

KULWA: Hiyohiyo, ya mwaka 2016. Phiona Mutesi, mtoto wa Katwe anayeuza mahindi sokoni, anajifunza mchezo kwa mwalimu Katende, anakuwa bingwa. Lupita Nyong'o ndiye mama. Na Lupita tuseme ni wa ziwa hilihili la Victoria, baba yake ni gavana wa Kisumu.

NYAMIZI: Sasa nani alitafsiri?

KULWA: DJ mmoja, simjui, hakujitaja. Lakini ni shule ileile ya marehemu Lufufu, ile ya kuongea juu ya sauti za watu na kuongeza ya kwako. Dada, yule DJ alihamisha Katwe yote akaileta hapa kwetu, sokoni Mwaloni. Mama akishuka na ndoo kichwani, DJ anasema, "Huyu mama anadaiwa kwenye kikundi cha kukopeshana, VICOBA, wiki ya tatu hajapeleka." Haimo kwenye filamu! Lakini ukimtazama Lupita anavyotembea, kweli unaona anadaiwa.

NYAMIZI: (anacheka) Sataranji je? Aliitaje?

KULWA: "Drafti ya wazungu." Basi, watu wakaelewa. Halafu ikaja ile sehemu, kuna katoto kadogo kanamfundisha Phiona mchezo, kanamwambia hapa mdogo anaweza kuwa mkubwa. Yule askari wa mbele kabisa, kete ndogo, akivuka ubao mzima anageuka malkia. Mimi nilipoitazama nyumbani zamani ile sentensi ilinipita. Pale kibandani, kabla DJ hajamaliza kuitafsiri, mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Kingi!" Kibanda kizima, "Kingiii!" Kwa sababu kila mtu pale amecheza drafti kwa vizibo vya soda, anajua kete ikifika mwisho inapandiwa nyingine juu inakuwa kingi. Hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza maana yake.

NYAMIZI: Hiyo nimeipenda.

KULWA: Na yalipofika yale mafuriko, maji yanaingia ndani usiku na watoto wamelala, hapakuwa na aliyetia neno. Hata DJ alinyamaza. Kuna watu pale wamewahi kupanga Mabatini, kando ya mto Mirongo, wanajua maji ya saa nane usiku yanaingiaje chumbani.

NYAMIZI: Mwisho wake unaukumbuka? Yale majina yanapopita?

KULWA: Ndipo nilipotaka kufika! Mwishoni kila mwigizaji anasimama na mtu wake wa kweli. Yule binti mwigizaji anasimama na Phiona mwenyewe, Lupita na yule mama wa kweli. Wanasimama bega kwa bega wanatazama kamera. Watu kibandani walipiga makofi kama wanawajua. Nakapa tisa hako kafilamu, na moja limepunguzwa na spika iliyokuwa inakoroma.

NYAMIZI: Sasa mimi nakuja na ya kwangu, na hiyo ya kusimama bega kwa bega uishike hapohapo, tutairudia.

KULWA: Usiniambie umeitazama.

NYAMIZI: Nimeitazama. Yote, saa nzima na zaidi ya dakika arobaini. Filamu ya mapanki.

KULWA: Wasikilizaji wadogo pengine hawaijui. Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, raia wa Austria, mwaka 2004. Imepigwa hapahapa Mwanza. Sangara wanakatwa minofu kiwandani, ndege kubwa za Ilyushin zinatua, zinabeba minofu kwenda Ulaya, na filamu inauliza, hizo ndege zinakuja na nini? Ikafika mpaka kugombea Oscar, tuzo za mwaka 2006.

NYAMIZI: Ikashindwa na pengwini.

KULWA: Nini?

NYAMIZI: Kweli. Mwaka huo tuzo ya filamu ya makala ilikwenda kwa filamu ya Kifaransa ya pengwini. Samaki wetu akashindwa na ndege asiyeruka.

KULWA: (anacheka) Na huku nyumbani ikawaka moto. Rais Kikwete akaizungumzia kwenye hotuba mwaka huohuo 2006, kwamba imeichafua nchi, na hapa Mwanza watu wakaandamana.

NYAMIZI: Sasa hapo ndipo nilipo mimi. Mwaka ule nilikuwa darasa la tano. Sisi hiyo filamu hatukuiona. Ukiuliza mtaani kwetu nani ameiona, hakuna, lakini kila mtu ana hasira nayo. Na mama yangu alikuwa anauza mapanki.

KULWA: Hilo hujawahi kulisema hapa.

NYAMIZI: Sikuwahi. Kwa asiyejua, panki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu: kichwa, uti wa mgongo, mkia. Mama alikuwa ananunua, anayaosha, anatia chumvi, anaanika kwenye chanja, kisha anakaanga. Yakiingia kwenye karai mifupa inagongana kama vijiko. Na kile kichwa, Kulwa, pale shavuni kuna mnofu wa duara, mdogo kama bonge la ugali la mtoto. Tulikuwa tunaupigania. Siyo kwa njaa ya kwenye filamu. Kwa utamu.

KULWA: Sasa kuiona kwenye skrini ukajisikiaje?

NYAMIZI: Nikangojea. Mwanzo wake nimeupenda, siwezi kukataa. Kile kivuli cha ndege kinapita juu ya maji, halafu yule bwana wa mnara wa kuongoza ndege, anahangaika na mdudu kwenye kioo wakati ndege inakuja. Nilicheka peke yangu. Kuna na yule samaki wa plastiki wa kwenye ofisi ya kiwanda, anaimba na kutikisa mkia. Sauper ana jicho, mimi nampa. Anakaa na watu, hana haraka. Yule mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale, anaongea taratibu kabisa mambo ya kutisha. Yule dada anayeimba "Tanzania, Tanzania" na marubani wamekaa pembeni yake, halafu baadaye unaambiwa ameuawa. Hapo niliizima kidogo, nikaenda kunywa maji.

KULWA: Hapo hata mimi nilisimama.

NYAMIZI: Halafu yakaja mapanki. Matope, funza, moshi, mama mmoja jicho limeharibika kwa ile hewa. Sisemi ni uongo. Kamera haiwezi kupiga funza ambaye hayupo. Lakini nikawa natafuta karai. Natafuta mtu mmoja tu anayekula ile kitu na kulamba vidole. Sikumwona. Kama mtu wa Paris ametazama, ameondoka anajua kwamba mama yangu alikuwa anatulisha takataka.

KULWA: Kwa hiyo uko upande wa hotuba.

NYAMIZI: Aa, tulia mdogo wangu, ndiyo maana nimekasirika mara mbili. Baada ya yale maandamano, mtaani ikawa ni aibu kusema unakula mapanki. Ghafla kila mtu anasema mapanki ni chakula cha kuku. Wateja wa mama wakaanza kuja jioni, giza likishaingia, wanafunga kwenye gazeti. Yaani filamu imesema tunakula uchafu, na majirani kwa kuitetea Mwanza wakasema hatuli kabisa. Mama yangu katikati, na karai lake.

KULWA: Duh.

NYAMIZI: Na jambo moja filamu imelisema kweli, na mimi nalisema nikiwa nimekaa hapa: mnofu wenyewe haukufika kwetu. Utoto wangu wote, samaki niliyemjua ni mwenye kichwa na mifupa. Mnofu wa sangara nimeula nikiwa na kazi, hotelini, kwenye semina.

KULWA: Mimi kinachonisumbua ni zile silaha. Ukisikiliza mazungumzo ya watu unadhani kuna picha za bunduki zinashushwa hapo uwanjani. Nikatazama tena wiki iliyopita nikizitafuta. Filamu haionyeshi hata sanduku moja likishushwa Mwanza. Kuna rubani anasimulia alivyopeleka vifaru Angola, na akarudi na zabibu kutoka Johannesburg. Lile simulizi ni zito, linaumiza. Lakini simulizi ya Angola ni ya Angola.

NYAMIZI: Hapo tunakubaliana. Amepanga picha ili kichwa chako kimalizie mwenyewe. Mkono mwepesi huo.

KULWA: Na kitu kingine, dada. Kibandani tuna sheria: stelingi, yule shujaa wa filamu, hafi. Sasa ile filamu stelingi wake nani? Mlinzi? Rubani?

NYAMIZI: Sangara. Ameletwa ziwani miaka ya hamsini na sitini, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, aina kwa aina, mamia, mpaka leo wanasayansi wanaandika "furu" kwa Kisukuma chetu kwenye vitabu vyao. Na mpaka filamu inaisha bado yuko hai.

KULWA: Kumbe sheria haijavunjwa!

NYAMIZI: (anacheka) Haijavunjwa. Sasa ile uliyoshika, ya kusimama bega kwa bega.

KULWA: Ninayo hapa.

NYAMIZI: Juzi nimempelekea mama simu, nikamwekea kile kipande cha mapanki tu, dakika chache. Nimekaa pembeni nangojea alie, au akasirike. Amevaa miwani, ametazama mpaka mwisho, akanirudishia simu. Unajua alisema nini? "Hizo chanja wameziweka karibu na tope. Panki halikauki hivyo, linataka upepo chini." Akaendelea kuchambua mchele.

KULWA: Basi?

NYAMIZI: Basi. Baadaye usiku ndiyo akaniuliza, wale akina mama wenyewe waliwahi kuiona?

KULWA: Ukamjibu nini?

NYAMIZI: Sikumjibu. Lakini nimepata wazo, ndiyo nilitaka nikuombe. Yule mwenye kibanda cha Igombe anakodisha?

KULWA: Anakodisha mchana. Unataka kuionyesha kule? Nani atatafsiri?

NYAMIZI: Mama yangu. Apewe kipaza sauti, aongee juu yake, kama Lufufu. Akisema chanja ziko vibaya, aseme. Akitaka kumnyamazisha rubani, amnyamazishe.

KULWA: Dada Nyamizi, mimi hapo nakaa mstari wa mbele, hata kwenye ndoo. Nampigia simu mwenye kibanda sasa hivi. Tatizo mwezi unapungua. Wiki ijayo giza linarudi, wavuvi wote watakuwa wanakesha ziwani na mchana wamelala.

NYAMIZI: Basi iwe Jumamosi hii.

KULWA: Jumamosi. Wasikilizaji wabeja sana, ngoja nimpigie kabla salio halijaisha.