Kupiga Hodi Mtandaoni: Skripti ya Kukagua Viungo

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote mliofika hapa Tononoka na joto hili.

Leo tunaandika skripti, yaani programu fupi, ya kukagua kama viungo (link) vilivyo kwenye ukurasa wa tovuti bado vinafunguka. Skripti yenyewe si kubwa; mistari thelathini ya Python, lugha ya kuandikia programu, yatosha. Inasoma ukurasa, inaokota kila anwani iliyo ndani ya href, pale ukurasa unapoweka anwani ya kiungo, inaitia kwenye seti ili mlango mmoja usigongwe mara kumi, kisha inazipitia moja moja. Zinazoanza na mailto (barua pepe) au tel (simu) ziruke, maana hizo hazina ukurasa. Anwani fupi kama /bei ziunganishe na anwani ya ukurasa kwa urljoin, chombo cha Python cha kazi hiyo, la sivyo zote zitaonekana mbovu.

Iliyobaki ni adabu. Tumefunzwa tangu utotoni: ukifika kwa watu, piga hodi, mara tatu usipoitikiwa, rudi. Ombi la HEAD ndiyo hodi yenyewe. Seva, kompyuta inayotunza tovuti, inakujibu mlangoni kwa namba na maelezo mafupi, bila kukuletea ukurasa mzima, na bando lako linapona. Ila ziko seva zisizotaka hodi ya namna hiyo. Zitakujibu 405, pengine 403, na ukurasa upo salama. Rudia kwa GET, ombi la kuletewa ukurasa mzima, kabla hujaandika "kimekufa".

Namba muhimu ni chache. 200, karibu ndani. 404, hapatikani. 410, kaondoka na hakusudii kurudi. 301 kahama kabisa, basi rekebisha anwani kwako. 302 kahama kwa muda, usiguse. Hapa pana mtego: urllib, maktaba ya Python ya kuombea kurasa, hufuata uhamisho kimyakimya, wewe ukaona 200 tu. Linganisha anwani uliyoomba na uliyofikia. Na 429, vijana wa haraka, inawahusu nyinyi: umegonga mno, tulia. Wakati mwingine inakuja na Retry-After, yaani subiri muda uliotajwa ndipo urudi.

Weka pia kikomo cha kusubiri, tuseme sekunde 10. Usipoweka, seva moja bubu yaweza kuigandisha skripti nzima. Lakini kuchelewa si kufa! Feri ikichelewa hatusemi Likoni hakuna kivuko. Andika "hajajibu", ujaribu tena baadaye.

Niwape aibu yangu. Mara ya kwanza kuendesha skripti yangu, iliniambia viungo vyote vimekufa, hata kimoja hakikupona. Nikamwandikia mwenye tovuti ujumbe mrefu wa kumpa pole. Kumbe bando langu ndilo lililokwisha. Siku hizi skripti inaanza kwa kugonga mlango ninaoujua uko wazi. Usipofunguka, inasimama papo hapo na kunilaumu mimi.

Linalonisumbua zaidi ni 200 ya uongo. Ukurasa umeandika kwa herufi kubwa kwamba ulichotafuta hakipo, na seva inasema 200, karibu ndani. Namba peke yake haitakuokoa. Ninachofanya ni kuiomba tovuti hiyohiyo anwani ya upuuzi, herufi nilizozibonyeza ovyo. Ikinijibu 200 hata kwa hiyo, basi "karibu" zake zote nazitilia shaka, na kurasa zake nazisoma kwa macho.

Haya, fungueni laptopu. Anwani ya kwanza tutakayoigonga leo ni ile isiyokuwepo.