Godoro jipya la kempa: pima gari kwanza, dukani baadaye

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tuko Kariobangi, hapa nje ya karakana ninaposhonea, na gari ni hili mnalolijua, HiAce iliyobeba abiria miaka mingi kabla sijaing'oa viti na kuitia kitanda ikawa kempa, gari la kulala safarini. Godoro lake limekwisha. Wiki jana nililala Naivasha, na ilipofika saa tisa usiku nyonga yangu ilikuwa juu ya ubao kana kwamba nimelala sakafuni. Basi leo tunatafuta jingine.

Kazi yangu mnaijua: nashona makava ya magodoro na ya viti. Wengi wanaoniletea kazi ya kempa huja wameshanunua godoro, wamelikunja kama chapati kwa sababu haliingii garini. Na godoro likishatolewa kwenye nailoni, mwenye duka halichukui tena. Linaniuma sana kuona mtu amepoteza pesa hivyo, ndiyo maana leo naenda polepole.

Kwanza toa la zamani. Hapa hakuna ufundi: vuta, toa, liegemeze ukutani. Haya, sasa tunaingia kwenye vipimo, tuna... ngoja. Mpwa wangu, sogeza kamera hapa. Hapa chini. Mnaona? Sikupanga kuonyesha hili, lakini tuliangalie. Doa hili jeusi, kubwa kama sinia, ni kuvu. Nikibonyeza plaiwudi kwa kidole gumba inabonyea kidogo, na kuna ile harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Paa halivuji. Nimelimwagia maji juzi na halikupitisha hata tone.

Maji haya yanatoka kwetu sisi tunaolala. Usiku kucha mtu anatoa jasho na pumzi yenye mvuke. Mvuke unapenya sponji, unashuka hadi kwenye ubao ulio baridi, na ukifika hapo unageuka maji. Mwezi wa saba hapa Nairobi mnajua baridi yetu ilivyo alfajiri, na ukienda Limuru ndiyo kabisa. Juu kuna mwili wenye joto, chini kuna ubao mzima usio na hata tundu moja. Maji yatakwenda wapi? Bibi yangu kule Mombasa alikuwa na godoro la sufi, na kila wiki lilikuwa nje juani limeegemezwa ukutani. Godoro la gari hatulianiki hata mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, rekebisha chini. Plaiwudi hii naing'oa, naweka chaga. Nimepata mbao za saiprasi Gikomba, upana inchi 3, naziachia nafasi ya inchi 2 kati ya moja na nyingine. Usizidishe inchi 3, la sivyo sponji itaanza kuzama kwenye nafasi hizo na utailaumu bure. Kama huwezi kung'oa ubao, chukua drili, toboa matundu ya inchi moja kila baada ya shubiri. Si sawa na chaga, lakini ni afadhali mara nyingi. Nitakata video hapa, nipige misumari, tuendelee.

Haya, tumerudi. Vipimo.

Urefu na upana mtapima wenyewe, hilo kila mtu anajua. Wanalokosea ni mahali pa kupimia. Angalieni futi kamba yangu: hapa chini, usawa wa chaga, kutoka ukuta hadi ukuta ni sentimita 150. Sasa naipandisha sentimita 10, pale uso wa juu wa godoro utakapofika. Imesoma 148. Kuta za gari zimeinama kuelekea ndani kadiri unavyopanda. Ukinunua kwa kipimo cha chini, godoro litavimba katikati kama mandazi. Pima chini, pima juu, na ule mdogo ndio wako.

Kimo sasa. Kaa kitandani bila godoro, mgongo wima, mtu akupimie kutoka chaga hadi paa, kisha kutoka unapokalia hadi utosini. Kwangu paa liko sentimita 102, na mimi nikikaa ni 87. Zinabaki 15. Ningeweka godoro la inchi 6 utosi wangu ungekuwa unasugua paa kila nikitaka kunywa chai. Nachukua inchi 4, yaani sentimita 10. Nyumbani inchi 4 ni chache, lakini ndani ya gari, kwa mtu wa kilo zangu, inchi 4 za sponji nzuri zinashinda inchi 8 za sponji mbaya. Hilo nitalithibitisha kwa mizani sasa hivi.

Kabla ya hapo, kigezo, yaani umbo la kufuata wakati wa kukata godoro. Tafadhali nisikilizeni hapa.

Kitanda changu hakina kona nne sawa. Kona hii ya mbele kushoto imekatwa mshazari, ili mtu akifungua mlango wa kusukuma apate pa kukanyaga. Kwa hiyo natumia boksi la friji, nalilaza juu ya chaga, nalisukuma hadi kuta zote, na nakata kwa kisu kufuata umbo. Boksi likikaa bila kujikunja na bila nafasi ya kupitisha kidole, chukua kalamu ya wino mzito na uandike katikati, kwa herufi kubwa, JUU. Andika pia MBELE upande wa mbele. Usiseme utakumbuka. Andika sasa, kabla hujalitoa garini.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii sikuandika. Nilibeba boksi hadi kwenye meza, nikalilaza kwenye sponji ya mteja, nikakata vizuri kabisa. Tulipoingiza garini, kona iliyokatwa ilikuwa upande wa kulia, na mlangoni pembe nzima imetokeza. Boksi lilikuwa limegeuka. Na sponji huwezi kuigeuza tu ukamaliza, kwa sababu ile ilikuwa ya tabaka mbili, ngumu chini na laini juu. Nilikata kipande nikakigandisha kwa gundi ya viti, na gundi ikikauka inafanya mstari mgumu ambao mbavu zinauhisi usiku. Nililipa sponji nyingine kutoka mfukoni mwangu. JUU. Andikeni JUU.

Sasa dukani. Nimeleta magodoro mawili, yote ya tano kwa sita, yote inchi 4, yote yameandikwa hai densiti. Neno hilo ni rahisi kulichapisha kwenye nailoni. Maana yake halisi ni kilo ngapi za sponji zilizomo ndani ya mita moja ya ujazo, na hiyo unaweza kuipata mwenyewe kwa mizani ya kusimamia.

Angalia. Nimesimama peke yangu: 71.4. Nimeshika la kwanza... mpwa wangu nisomee, godoro limenifunika macho.

"77.2, shangazi."

Toa 71.4, godoro lina kilo 5.8. Shika la pili.

"80.7."

Kilo 9.3. Vipimo vyake sasa: upana mita 1.52, urefu mita 1.90, unene mita 0.10. Zidisha zote, unapata 0.289. Gawanya kilo kwa hiyo. La kwanza linatoka 20, la pili 32. Kwa macho ni ndugu pacha, na kumbe moja lina nyama zaidi kwa nusu na ushei. Kwa mtu mzima anayelala humo mara kwa mara mimi sishuki chini ya 28. La 20 ni la mtoto, au la mto wa kuegemea.

Na msichanganye uzito huo na ugumu. Kuna sponji nzito iliyo laini, na kuna nyepesi iliyotengenezwa ikawa ngumu. Hii nyepesi ngumu ndiyo inayodanganya dukani, ukiikalia inakusukuma vizuri, halafu baada ya muda mfupi inafanya shimo pale nyonga inapokaa. Lalia ubavu, si mgongo, hapo hapo dukani, viatu ukivua. Bega na nyonga zizame kidogo bila kugusa chini. Kaa hivyo hata dakika kumi. Mwenye duka mwema atakuacha.

Nimepima pia urefu, kwa sababu "futi 6" za madukani zina mambo yake. Kuna magodoro ya inchi 72 na kuna ya inchi 75, yote yanaitwa sita. Nenda na futi kamba yako.

Mnaniuliza sana kuhusu ile sponji inayokumbuka umbo la mwili. Ni kitu kizuri, ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi ya NASA ya viti vya ndege. Lakini hugeuka kufuata joto. Kempa leo iko Magadi, karibu mita 600 tu juu ya bahari, jua la kukaanga yai. Kesho iko Nyahururu, zaidi ya mita 2,300. Magadi itakuwa uji, Nyahururu utaamka juu ya ubao hadi mwili uipashe joto. Ukiipenda, iwe tabaka jembamba la juu, chini uweke sponji ya kawaida. Godoro la springi mimi siliweki garini: ni zito, na huwezi kulikata kona. La usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, linapitisha hewa vizuri mno, ila ni gumu. Anayependa kulala pagumu atalifurahia. Na la mitumba, jamani, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni akiingia kwenye kuta za gari zenye bitana, kumtoa ni vita.

Jambo moja la hatari: sponji hushika moto haraka, na moshi wake ni sumu. Kama jiko lako la gesi liko karibu na kitanda, lihamishe kabla ya kuhamisha godoro.

Haya, kukata. Nalaza sponji mezani, boksi juu yake, nachora kuzunguka nikiacha sentimita moja ya ziada kila upande, ili kava liibane na kona zijae. Upepo huo, shika boksi... asante. Kisu ni cha mkate, kirefu, chenye meno. Usikandamize sponji kwa mkono unapokata, maana ikirudi juu ukingo utakuwa umejipinda. Kisu kiwe wima, vuta taratibu, pita mara tatu au nne kwenye mstari uleule. Naanza na kona hii...

Simama. Neno JUU liko wapi? Mpwa wangu, walete waone. Boksi ni jeupe tupu. Upepo ulipolinyanyua tulilirudisha limelala kifudifudi, na nikachora. Mnaona sasa? Kisu kilikuwa kimeshagusa sponji. Geuza, JUU ielekee mbinguni, MBELE huku. Huu mstari wa kwanza naupiga alama za msalaba ili usinichanganye, nachora mwingine kwa kalamu nyekundu. Kila unaposhika kisu, soma neno hilo kwanza kwa sauti. JUU. Nimelisoma. Sasa nakata.

Nitaharakisha video hapa.

Tayari. Mimi hupenda vipande viwili, na mkato ukae usawa wa magoti, kamwe usiwe chini ya nyonga. Hivyo nainua kipande cha miguuni nafikia sanduku la vyombo bila kubomoa kitanda chote, na ni rahisi kuvitoa kuvianika. Kava ni la turubai jepesi la pamba juu, kitambaa cha wavu chini ili ule mvuke upite hadi kwenye chaga. Vitambaa hivi navipata Eastleigh. Zipu iwe ndefu, izunguke pande mbili, maana zipu fupi itakufanya upigane na sponji hadi ukingo uchanike.

Naingiza garini. Kipande cha mbele... kona imekaa. Cha nyuma, bonyeza, bonyeza, kimeingia. Funga mlango wa nyuma. Umefunga bila kusukumwa. Napitisha kidole kati ya godoro na ukuta: kinapita kwa kubanwa, na ndivyo ninavyotaka, hewa ipate njia. Nikikaa, utosi na paa vimeachana kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu.

Anayetaka nimshonee kava, anitumie upana wa chini, upana wa juu, urefu, unene, na picha ya boksi lake likiwa bado limelala ndani ya gari. Kwenye picha nataka kusoma JUU.