Mfalme aliyelisha wanafunzi 100: stori ya Copenhagen, 1569

Wa nyuma mnanisikia? Sogeeni basi, viti vya mbele vipo. Leo tuongelee hela ya kumsomesha mtoto wa maskini, ila sianzii kwetu, naanzia Copenhagen kule Denmark, maana kuna kitu walikifanya zamani sana ambacho mimi kinaniuma kwamba hatukijadili.

Chuo Kikuu cha Copenhagen kilianzishwa 1479. Mwaka 1536 nchi ikaingia Ulutheri na mfalme akachukua ardhi za maaskofu. Sasa kanisa jipya linataka wachungaji waliosoma, na vijana wanaokuja kusomea kazi hiyo wengi hawana kitu. Enzi zile ilikuwa kawaida kabisa wanafunzi maskini kupita mlango kwa mlango wakiimba ili wapewe mkate, na mtu wa hivyo ndo unamtegemea akae darasani amalize Kilatini!

Basi Julai 1569 mfalme Frederik wa Pili akaanzisha mfuko unaoitwa Kommunitetet, kazi yake kuwalisha bure wanafunzi 100. Na wakati huo yuko vitani na Sweden tangu 1563, hazina imekamuliwa haswa. Hela hana, lakini ardhi anayo, akatoa mashamba pamoja na zaka, yaani fungu la kumi la mavuno, kwa hiyo mapato yanakuja kila mwaka kutoka shambani.

Hapa naomba mnielewe vizuri kwa sababu ndo kiini cha yote. Karne ile bei za vyakula Ulaya zilikuwa zinapanda tu, na kama angeweka fungu la fedha taslimu lingeyeyuka, lakini shamba likitoa nafaka, nafaka ikipanda bei mfuko nao unapanda. Sisi tunaojua bumu, yaani hela ya mkopo wa mwanafunzi, linavyofika limeshaliwa na bei ya sokoni tunaelewa. Frederik akafa 1588, wanafunzi wakaendelea kula. Mwanae Christian wa Nne akajenga hosteli, Regensen, ikafunguliwa 1623, nayo ya watu 100, kwa hiyo sasa unakula na unalala.

Lakini nani alilipa? Wakulima. Na pale kisiwani Sjælland, Copenhagen ilipo, mtoto wa kiume wa mkulima alikuwa amefungwa kisheria kwenye ardhi ya bwana wake, haondoki bila ruhusa, sheria hiyo ikaja kufutwa 1702. Yaani jasho la baba linamlisha mwanafunzi mjini na mwanae mwenyewe hawezi hata kufika huko mjini. Namsifu mfalme ila hili silifichi, ni dhuluma.

Moto wa 1728 ukaunguza sehemu kubwa ya mji, Regensen ikiwemo, wakajenga tena, na baadaye badala ya chakula wanafunzi wakawa wanapewa hela. Waliofaidi kuliko wote kwa maoni yangu ni Waiceland, watu wa kisiwa cha mbali kilichotawaliwa na Denmark, ambacho kwa karne nyingi hakikuwa na chuo kikuu, wao walikuwa na kipaumbele cha kupata nafasi Regensen, na viongozi na washairi wao wengi walipita Copenhagen. Haki hiyo ilidumu mpaka 1918 Iceland ilipopata mamlaka yake, na kwenye makubaliano ya mwaka huo Denmark ikatoa kroni milioni 2 zigawanywe kwa vyuo vikuu viwili, cha Copenhagen na cha Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Haya, maswali, tuanze na dada pale dirishani.